Mkama Rumanyika wa Karagwe, na Ugomvi wa Ndugu Wawili

Watu wengi wa Karagwe na Kyerwa wamelisikia jina la Mkama Rumanyika Orugundu, lakini si wote wajuao jinsi alivyoipata enzi yake, wala kwa nini nchi aliyoitunza kwa akili nyingi iliharibika upesi baada ya kufa kwake. Leo tunapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari zake kwa utaratibu, maana ndani yake mna mafundisho yamfaayo kila mwenye mji na kila mwenye kibanja, wala si wafalme peke yao.

NCHI NA UKOO WAKE

Karagwe ya zamani ilikuwa kubwa kuliko wilaya iitwayo kwa jina hilo sasa. Kyerwa ilikuwa ndani yake. Imepata kuwa wilaya ya peke yake mwaka 2012 tu. Upande wa magharibi na wa kaskazini, mto Kagera ndio uliokuwa boma la nchi: ng'ambo yake zilikuwa Rwanda na Nkore. Upande wa kusini ilikuwa nchi ya Usui, na mashariki zilikuwa nchi za Wahaya zinazoelekea ziwa kubwa. Mji wa Mkama ulikuwa Bweranyange, mahali pa vilima, penye malisho mazuri na maji karibu.

Raia walikuwa Wanyambo: wakulima wa migomba, wafugaji wa ng'ombe, na mafundi wa kufua chuma waliosifika mbali. Watawala walikuwa Bahinda, yaani watu waliojinasibu na Ruhinda, ambaye masimulizi husema kwamba aliichukua nchi kutoka kwa Nono wa ukoo wa Basita. Wako Bahinda wengine waliotawala Nkore, Ihangiro na Usui, na kwa hiyo jirani wa Karagwe mara nyingi walikuwa jamaa pia. Lakini ujamaa haukuzuia vita.

Habari nyingi za Rumanyika tunazozijua zimetoka mahali pawili. Kwanza ni masimulizi ya wazee wa nchi. Pili ni vitabu vya wasafiri Waingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliofika Bweranyange mwezi wa Novemba mwaka 1861, na cha Henry Morton Stanley aliyefika mwaka 1876. Msomaji mwenye busara atakumbuka neno moja: Speke alihadithiwa habari za vita kwa mdomo wa Rumanyika mwenyewe na wa watu wake. Mshindi ndiye aliyesema, aliyeshindwa hakuulizwa. Basi tusome huku tukiliweka neno hilo moyoni.

NENO MOJA LA BABA

Baba yake Rumanyika aliitwa Ndagara. Alipokufa, katika miaka ya 1850, aliacha wana watatu wa kutajwa katika shauri la enzi, kila mmoja na mama yake: Rumanyika, Nnanaji, na mdogo wao Rogero. Majina hayo tunayaandika kama Speke alivyoyasikia.

Sheria ya nyumba ya kifalme ilikuwa imekwisha kuwekwa. Enzi ilimwendea mwana mkubwa, ila katika hesabu hiyo walitiwa wale tu waliozaliwa baba yao akiisha kukalia kiti. Kwa sheria hiyo Rogero, aliye mdogo, hakuwa na haja ya kutazamia kitu.

Lakini ilitokea kwamba Ndagara, pasipo kufikiri sana, alimwambia mama yake Rogero kwamba kijana huyu angekuwa mfalme mzuri ajabu. Labda alikuwa akimsifu mtoto tu, kama baba yeyote amsifuvyo mwanawe jioni mbele ya mama yake. Mama yule hakulichukua neno kuwa sifa, alilichukua kuwa ahadi. Akamlea mwanawe katika tumaini hilo, akamfundisha kujiona mfalme tangu utoto. Hata Ndagara alipofumba macho, sheria ilisema hivi, na neno la siri lilisema vile. Wahenga wamesema kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja, na ng'ombe wa Karagwe wenyewe ni mashahidi wa methali hiyo.

NGOMA NDOGO

Watu wa Karagwe walisimulia kwamba shauri hilo liliamuliwa kwanza kwa ngoma. Katika nchi hizi zote ngoma ndiyo alama ya ufalme, kama vile kwingine ilivyo taji. Wakuu wa nchi waliwawekea wana wa kifalme ngoma ndogo mbele yao, nyepesi kama unyoya, lakini iliyotiwa dawa hata isiweze kuinuliwa na mtu asiye na haki ya enzi. Ndugu zake wakajitahidi kwa nguvu zao zote, ngoma isitikisike. Rumanyika akainyanyua kwa kidole chake kidogo.

Tusiharakishe kucheka. Maana ya desturi hiyo twaiona wazi: wakuu wa nchi walitaka uamuzi utokee mbele ya macho ya watu, usemwe na kitu kisichopendelea upande, ili mtu asije akasema kesho kwamba jambo lilifanywa gizani. Kila taifa lina ngoma yake ya namna hiyo. Mahali pengine ni kura, mahali pengine ni hati yenye muhuri, mahali pengine ni kiapo mbele ya hakimu. Nguvu ya ngoma haimo katika dawa iliyotiwa ndani. Imo katika kukubali kwa watu wanaoitazama. Na hapo ndipo palipokuwa na upungufu, maana si wote waliokubali.

VITA, NA BUNDUKI ZA KAFURO

Nnanaji alishikamana na Rumanyika, na hao wawili wakamfukuza Rogero. Lakini Rogero hakuondoka peke yake. Speke aliambiwa kwamba nusu ya watu wa nchi walimfuata, wengine kwa kumpenda na wengine kwa kumwogopa. Alipoona kwamba ana nguvu, akakusanya jeshi, akarudi kuupigania ufalme. Watu walikiri waziwazi kwamba angeupata, kama si msaada uliotoka kwa wageni.

Karibu na Bweranyange palikuwa na kijiji cha wafanyabiashara, jina lake Kafuro. Walikaa hapo Waarabu na Waswahili waliotoka pwani kwa njia ya Tabora, wakileta nguo, ushanga na nyaya za shaba, wakinunua pembe za ndovu. Kutoka hapo njia iliendelea mpaka Buganda. Mmoja wa wakubwa wa biashara hiyo alikuwa Musa, Mhindi wa Tabora, aliyejulikana sana kwa jina la Musa Mzuri. Yeye aliingia katika vita hivi upande wa Rumanyika. Alitoa pembe zote alizokuwa nazo, akawaajiri kwazo watumwa wa Waarabu waliokuwa Kafuro, ili waende na bunduki zao kupigana na Rogero. Watu wa mikuki hawakuweza kusimama mbele ya bunduki, Rogero akakimbia. Lakini alikimbia akiapa kwamba atarudi siku ile Waarabu watakapoondoka katika nchi.

Hapa yako mambo mawili ya kufikiri. La kwanza, waliomtia mtu mmoja katika kiti cha enzi walikuwa watumwa, watu wasio na amri hata juu ya miguu yao wenyewe. Damu iliyoweza kumwagika ni yao, na malipo yaliwaendea mabwana zao. Habari za wakubwa mara nyingi huandikwa hivi, na jina la aliyebeba bunduki haliandikwi. La pili, enzi iliyopatikana kwa bunduki za mgeni ni enzi yenye deni. Rumanyika alijua vema kiapo cha ndugu yake, na alijua kwamba wageni wakihama, usalama wake utahama nao. Mambo mengi aliyoyafanya baadaye yataeleweka tukiyatazama kutoka hapo.

MWISHO WA VITA, MWANZO WA AKILI

Tangu hapo Rumanyika hakutafuta sifa ya vita. Alitafuta kuwa mtu ambaye kila jirani na kila msafiri anapata faida akiwa hai na katika kiti chake.

Tazameni kwanza habari ya hongo. Siku zile msafiri apitaye bara alilipa hongo kwa kila mtawala: nguo kwa huyu, nyaya kwa yule, na mara nyingi alizuiwa siku nyingi mpaka atoe zaidi. Speke aliteswa sana na jambo hili njiani, na katika Usui, kwa Suwarora, alikaa muda mrefu mali yake ikipunguzwa. Lakini alipoingia Karagwe mjumbe wa Mkama alimlaki mpakani, akamwambia kwamba wakuu wa vijiji wameagizwa kumpa chakula kwa gharama ya Mkama, maana katika nchi hii mgeni hatozwi. Zawadi zaweza kubadilishwa kati ya watu waungwana, lakini jina la hongo halitajwi.

Mtu asiyefikiri atasema kwamba huu ni upole tu. Kweli ulikuwa upole, lakini ulikuwa na hesabu pia. Mfanyabiashara anyang'anywaye hutafuta njia nyingine. Apokewaye vizuri hurudi, na huwaambia wenzake. Kadiri Kafuro ilivyokuwa na watu na mali, ndivyo ahadi ya Rogero ya kurudi ilivyozidi kuwa mbali. Jirani yake alikula hongo ya siku moja. Rumanyika alipanda mgomba.

Wasomaji wa Kiswahili watafurahi kujua jambo jingine. Speke na Grant walipoingizwa mbele ya Mkama, walimkuta ameketi pamoja na Nnanaji. Mkama amevaa joho jeusi la Kiarabu, miguuni amefungwa ushanga wa rangi nyingi, na mikononi bangili za shaba nyekundu. Nnanaji, aliyekuwa mganga mkubwa, amejaa hirizi. Salamu za kwanza za Mkama zilisemwa kwa Kiswahili kizuri, naye akawapa mkono. Yaani mwaka 1861, kabla ya serikali yoyote ya kigeni kufika, kabla ya shule na kabla ya kitabu, mtawala wa Karagwe alikwisha kujifunza lugha ya njia kuu ya biashara ili asitegemee mkalimani. Mtawala ajuaye lugha ya mgeni wake hadanganywi upesi.

BARAZA LA MWEZI MWANDAMO

Pamoja na upole huo, Rumanyika hakulala. Kila mwezi ulipoandama, ngoma za kifalme zilipangwa safu mbele yake. Speke alihesabu 35, kubwa na ndogo. Mkama aliketi amevaa kilemba cha ushanga chenye manyoya mekundu. Ngoma zilipokwisha kulia, wakuu walikuja mmoja mmoja, wakiruka na kuinua fimbo zao, wakiapa kwa sauti kubwa kwamba hawatampa adui kisogo, na kama wakimpa, wakatwe vichwa. Kisha kila mmoja alipiga magoti na kumnyoshea Mkama fimbo aiguse.

Shauri la baraza hilo, kama wageni walivyoelezwa, lilikuwa kujua ni watu wangapi bado ni waaminifu. Nchi iliyokuwa imegawanyika nusu kwa nusu haikuweza kuachwa bila kuhesabiwa. Asiyekuja kugusisha fimbo yake alijulikana.

DONDA LISILOPONA

Hata hivyo ndani ya moyo wa Mkama lilikuwamo donda. Mtu mpole huyu, ambaye wageni wote watatu walimsifu kwa utu wake, alipozungumza na Speke faraghani alimwomba dawa ya kumpata Rogero. Alidhani kwamba wageni hawa wenye ujuzi mwingi hawakosi uchawi wa kumwangusha adui aliye mbali. Alieleza kwamba hana nia ya kumwua ndugu yake; angetaka kumtoboa macho tu na kumwacha aende zake, maana mtu asiyeona hawezi tena kuleta madhara.

Tumeliandika neno hili pasipo kulificha, kwa sababu sifa bila ukweli haimfundishi mtu. Mtu yule yule aliyewapa wageni chakula bila malipo alitamani kuyatoa macho ya mtoto wa baba yake. Ndivyo ugomvi wa urithi ulivyo. Hauwageuzi watu wabaya tu, huwageuza hata walio wema. Na kumbukeni ulikotoka: neno moja la sifa lililosemwa na baba nyumbani.

KATI YA WAKUBWA

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kukaa salama kati ya majirani wenye nguvu. Kaskazini-mashariki alikuwako Kabaka Mutesa wa Buganda, kijana, mwenye majeshi makubwa na mitumbwi ya vita. Mbele zaidi alikuwako Kamrasi wa Bunyoro, adui wa Buganda. Karagwe haikuweza kumshinda yeyote kati ya hao. Basi Rumanyika alijifanya mlango: habari na wageni wa kwenda Buganda walipita kwake, naye alipeleka wajumbe mbele kutoa habari, wala hakumruhusu mgeni aende kabla ya mwenyeji kukubali.

Mutesa alipopeleka watu wake kumwita Speke, Speke aliondoka tarehe 10 Januari 1862. Ni katika safari hiyo, tarehe 28 Julai, alipoona mahali mto Nile unapotoka katika ziwa kubwa. Grant hakuweza kwenda naye. Mguu wake ulikuwa na donda baya, na Buganda hawakukubali kupokea mgonjwa. Akabaki mikononi mwa Rumanyika muda wa miezi mitatu na zaidi, hata alipochukuliwa kwa machela tarehe 14 Aprili 1862. Mgeni asiyeweza kusimama, asiye na jeshi, mwenye sanduku za mali, alilindwa na kulishwa. Grant aliandika habari zake katika kitabu kilichotoka mwaka 1864, na kwa ajili yake jina la Karagwe lilijulikana Ulaya kuwa nchi ya mtawala mwungwana.

Neno moja la kuonya juu ya vitabu hivyo. Speke alipoona adabu na akili ya watu hawa, hakutaka kuamini kwamba ni ya Waafrika wa hapa. Akatunga hoja kwamba wafalme hao ni uzao wa watu wa Uhabeshi, akamweleza Rumanyika habari za Mfalme Daudi kana kwamba ni babu yake. Hoja hiyo haikuwa na ushahidi, na wataalamu wa historia wameiacha. Lakini ilipokuwa ikiaminiwa iliwadhuru watu wengi wa nchi za Maziwa Makuu, kwa kuwafundisha jamaa wa nchi moja kwamba wengine ni wenyeji na wengine ni wageni. Utawala wa Karagwe ulikuwa kazi ya watu wa Karagwe.

CHUMA CHA BWERANYANGE

Stanley alipofika mwaka 1876 alimkuta Rumanyika mzee, mrefu wa kimo, mwenye sauti ya upole. Kafuro nako alikuwako bado Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara aliyepata kufika Buganda tangu miaka ya 1840. Mkama alimwonyesha Stanley nyumba ya hazina yake. Ndani yake mlikuwa na mikuki ya namna nyingi, na sanamu za ndege na za ng'ombe zilizofanywa kwa shaba na chuma. Ng'ombe wa chuma, wenye pembe ndefu zilizopinda kama za ng'ombe wa nchi, ni ushahidi wa kazi ya wafua chuma wa Kinyambo. Mafundi hawa walichimba madini wenyewe, wakayeyusha wenyewe, wakafua wenyewe, pasipo kiwanda na pasipo mwalimu wa kutoka nje. Ni vema vijana wetu wanaojifunza ufundi wajue kwamba ufundi si mgeni katika vilima hivi.

JINSI NCHI ILIVYOANGUKA

Rumanyika alikufa miaka michache baada ya hapo. Kwa muda wa miaka ishirini na zaidi alikuwa amelishikilia jengo lote kwa mikono yake: wageni walimjua yeye, majirani walimheshimu yeye, wakuu waligusisha fimbo zao kwake. Alipoondoka, lile swali la zamani likarudi kama halikupata kujibiwa. Wana wa nyumba ya kifalme wakagombana na kuuana. Watawala wakafuatana kwa muda mfupi mfupi, na watu wenye nguvu wakatawala nyuma ya watoto. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1890, sotoka ikaingia na kuua ng'ombe wasiohesabika, na nchi iliyojivunia mifugo ikawa maskini. Wajerumani walikuwa wamekwisha kujenga boma Bukoba, mwishoni mwa mwaka 1890, kwa mkono wa Emin Pasha. Walipoelekea Karagwe hawakukuta Rumanyika wa kuzungumza nao kama mtu na mwenzake. Walikuta nyumba iliyochoka kwa ugomvi wake. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Enzi ya Bakama iliendelea chini ya Wajerumani na kisha chini ya Waingereza, hata mamlaka ya machifu yote yalipofutwa kwa sheria mwaka 1963, Tanganyika ikiisha kuwa nchi huru.

MFANO WA NCHI YA MBALI

Ili jambo hili lionekane vema, tutoe mfano wa mtu mwingine aliyekuwa askari kwanza na mtawala baadaye. Huyo ni George Washington wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1732. Tangu mwaka 1775 alikuwa jemadari wa majeshi ya makoloni 13 yaliyopigana na Uingereza ili yajitawale. Vita vilipokwisha, jeshi lilikuwa lake, na wengi wangekubali awe mfalme. Lakini tarehe 23 Desemba 1783 alisimama mbele ya baraza la wajumbe wa nchi yake, akawarudishia amri waliyompa, akaenda zake shambani. Mwaka 1789 alichaguliwa kuwa Rais wa kwanza. Na mwaka 1797, baada ya miaka minane, akaondoka kwa hiari yake, John Adams akaingia mahali pake bila vita.

Hatusemi kwamba Washington alikuwa mwema kuliko Rumanyika. Shamba lile alilorudia lililimwa na watumwa, na uhuru alioupigania haukuwa wao. Twasema jambo moja tu: mtu huyu alimwona aliyemfuata akiingia, yeye mwenyewe akiwa hai, mbele ya watu, kwa sheria waliyokubaliana wote. Rumanyika alikuwa na akili za kutosha kuwatuliza Buganda na kuwavuta wafanyabiashara wa pwani. Lakini swali la nani atakayeketi baada yake lilibaki kuamuliwa na mauti. Na mauti si hakimu mzuri.

YATUHUSUYO SISI

Labda msomaji atauliza: mimi si Mkama, habari hizi zanifaa nini? Zakufaa sana, ndugu. Kibanja chako cha migomba na kahawa ni ufalme mdogo. Kina mipaka, kina majirani, kina wana wa mama mmoja au wa mama mbalimbali. Mashauri ya urithi wa ardhi huletwa kila mara mbele ya wazee wa ukoo na mbele ya mabaraza, na mara nyingi mzizi wake ni ule ule wa Ndagara: baba alimwambia huyu neno moja barazani, akamwambia yule neno jingine jikoni, kisha akafa. Kila mtoto anakuja na neno lake, wala hapana shahidi.

Basi yafaa mambo manne. Kwanza, mzee aseme nia yake mapema, angali na nguvu na akili timamu, maana neno la kitandani hushukiwa. Pili, aseme mbele ya wote wahusikao, wake, wana na mabinti pamoja, tena mbele ya mashahidi wasio na faida katika mali hiyo. Tatu, wosia uandikwe, utiwe sahihi na mashahidi, uwekwe mahali pa salama panapojulikana. Nne, asiahidi kwa siri, hata kwa kumfurahisha mtoto ampendaye, kwa kuwa sifa isemwayo kwa mtoto mmoja yaweza kuwa mkuki kwa mwenzake.

Wahenga walisema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Lakini Karagwe ndugu hawakupatana, na waliokuja na makapu walikuwa wageni.

Bweranyange ipo bado, na vilima vyake vipo. Apitaye huko na watoto wake asiwaonyeshe mahali pa mfalme tu. Awaeleze pia habari ya ngoma ndogo, na ya mdogo mtu aliyekimbia akiapa kurudi. Kisha, akifika nyumbani, awaite wana wake wote waketi, awaambie mpaka wa kila mmoja uko wapi.